Maswali ya Wasomaji: Vitabu na Nyenzo za PCM kwa Anayeutaka Uhandisi

Barua nne zilizochaguliwa kwa toleo hili zimetoka katika mkoa wetu wa Tabora, na zote zinauliza jambo moja: mwanafunzi anayesoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati, yaani PCM, kwa nia ya kuwa mhandisi, ajiandae kwa vitabu na nyenzo zipi. Kwa msomaji asiye na mtoto katika tahasusi hiyo, nieleze kwamba hapa nchini hakuna mtihani mmoja wa pekee wa kuingilia masomo ya uhandisi. Mtihani unaochuja ni ule wa taifa wa kumaliza Kidato cha Sita, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania na kufanyika mwezi Mei, na matokeo yake ndiyo ambayo vijana hushindania nafasi za vyuo vikuu. Barua nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaacha kama walivyoomba.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tano katika shule ya bweni hapa Tabora mjini, na ninataka kusomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shida yangu si ukosefu wa vitabu bali wingi wake. Kaka zetu waliomaliza wametuachia notsi za kila namna, tuna vitabu vya Fizikia vya waandishi watatu, na katika kundi letu la WhatsApp mafaili mapya huingia kila siku. Nikianza kimoja, mwenzangu ananiambia kuna kingine kizuri zaidi. Nishike kipi? – Mwanafunzi, Tabora mjini

Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu najua hauko peke yako bwenini katika shida hiyo.

Usianze na kitabu. Anza na nyaraka mbili ambazo wanafunzi wengi hufika Kidato cha Sita bila kuzisoma hata mara moja: muhtasari wa somo, unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na fomati ya mtihani, inayotolewa na Baraza la Mitihani. Muhtasari hukuonyesha mada zinazotakiwa na kina cha kila mada. Fomati hukuonyesha mtihani una karatasi ngapi, kila karatasi imegawanywa vipi, na maswali yapi ni ya lazima. Fizikia na Kemia zina karatasi tatu kila moja, ya tatu ikiwa ya vitendo, na Hisabati ya Juu ina karatasi mbili. Mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe nakala zinazolihusu darasa lako hasa, kwa kuwa tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipotolewa toleo la 2023, mitaala imekuwa ikibadilishwa hatua kwa hatua, na kitabu kilichomfaa kaka yako huenda kina mada ambazo kwako zimehamishwa au zimeondolewa.

Ukiwa na muhtasari mkononi, sehemu kubwa ya mzigo ulio nao utaipunguza jioni moja. Chukua Fizikia. Katika muhtasari ambao shule zetu zimeutumia kwa miaka mingi imo mada ya Fizikia ya Mazingira, inayogusa fizikia ya kilimo, nishati zitokanazo na mazingira, matetemeko ya ardhi na uchafuzi. Katika Kemia imo kemia ya udongo. Vitabu vya Uingereza na India, ambavyo ni vizuri sana kwa mekanika na umeme, mara nyingi havina sura za namna hiyo kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya mitihani ya kwao. Mwanafunzi anayetegemea kitabu cha nje peke yake huligundua pengo hilo wiki chache kabla ya mtihani, akaishia kukariri majibu ya mwenzake. Upande wa Hisabati, angalia usije ukabeba kitabu cha BAM, yaani hisabati ya wenzenu wa tahasusi kama PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Jalada laweza kufanana na la kitabu chako, lakini ndani hutakuta namba changamano wala milinganyo ya difrensha, nawe huwezi kukaa kwenye Hisabati ya Juu bila mada hizo.

Sasa turudi kwenye vitabu vyako vitatu vya Fizikia. Usiulize kipi kinasifiwa, vipime mwenyewe. Vifungue vyote kwenye mada moja, tuseme pendulo, yaani kizito kinachobembea kwenye uzi. Kila kimoja kitakupa kanuni kwamba kipindi cha pendulo, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, ni 2π mara kipeuo cha pili cha urefu wa uzi uliogawanywa kwa g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia. Tazama kimeifikiaje kanuni hiyo. Kitabu kizuri kitasema wazi kwamba imepatikana kwa kuichukulia sine ya pembe kuwa sawa na pembe yenyewe ikipimwa kwa radiani, na kwamba jambo hilo linakubalika pembe inapokuwa ndogo tu. Kwa nyuzi 10, pembe ni radiani 0.1745 na sine yake ni 0.1736, tofauti ndogo mno. Kwa nyuzi 60, pembe ni radiani 1.047 ilhali sine yake ni 0.866, na hapo kanuni haishiki tena. Kitabu kinachoiruka hatua hiyo kimekupa kitu cha kukariri. Kisichoiruka kimekueleza kwa nini maabarani unaambiwa uivute pendulo kidogo tu, na mwanafunzi anayejua sababu hiyo hababaiki swali likigeuzwa.

Kwa Hisabati kipimo ni chepesi zaidi, kwa kuwa hesabu za intigresheni hujisahihisha zenyewe. Chukua mfano uliofanywa kitabuni, ulitafutie jibu lake difrensiesheni, na lazima urudi kwenye swali. Swali likiwa x mara e kwa kipeo cha x, jibu ni (x – 1) mara e kwa kipeo cha x, pamoja na namba isiyobadilika. Litafutie difrensiesheni uone. Fanya hivyo kwa mifano michache katika kurasa tofauti. Ukikuta makosa zaidi ya moja, kiweke kitabu hicho pembeni bila huruma, hasa kama ni miongoni mwa vile vinavyochapwa haraka na kuuzwa kwenye steshenari bila jina la mhariri wala mchapishaji.

Kisha geukia mazoezi. Ninakipendelea kitabu kinachopanga maswali kutoka mepesi hadi magumu, kikatoa majibu mafupi mwishoni, na kikaacha sehemu kubwa ya maswali bila kuyafanya hatua kwa hatua. Najua wanafunzi wanapenda kinyume chake. Wanatafuta kitabu ambacho kila swali limekwisha kufanywa, wanakisoma kama hadithi, wanaitikia kila mstari kwa kichwa, na wanaamini wameelewa. Siku ya mtihani wanapewa karatasi tupu na hawajui mstari wa kwanza uandikwe nini. Kati ya nyenzo zote zinazozunguka mabwenini, hizo za majibu kamili ndizo ninazoziogopa kuliko zote, na ningekuwa na uwezo ningeziruhusu zifunguliwe tu na yule ambaye daftari lake linaonyesha amejaribu.

Baada ya kupima, teua kitabu kimoja kwa kila somo kiwe kitabu kikuu, ukifuate kwa mpangilio wa muhtasari mpaka mwisho. Vile viwili vilivyobaki usivitupe. Vitumie pale tu kitabu kikuu kinapokukwamisha, maana mara nyingine maelezo ya mwandishi wa pili ndiyo yanayofungua. Notsi za kaka zenu zina kazi hiyohiyo. Mafaili ya WhatsApp yapange kwa mada, na faili lisilojulikana limetoka wapi, lisilo na mwaka wala jina la shule, lifute.

Liko jambo jingine ambalo ni bora kuliko kitabu chochote utakachonunua, na halina malipo. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo kila swali la mtihani uliopita huelezwa lilikusudiwa kupima nini, asilimia ya watahiniwa waliopata alama za chini, za wastani na za juu, na kosa ambalo wengi walilifanya. Zaidi ya hayo hubandikwa kurasa za majibu halisi ya watahiniwa, yaliyo mazuri na yaliyo mabaya, kwa mwandiko wao wenyewe. Sijui nyenzo nyingine inayomwonyesha mwanafunzi kwa uwazi namna hiyo kile ambacho msahihishaji anakitafuta. Utaona mtahiniwa aliyejua kanuni sahihi lakini akasahau kubadili sentimita kuwa mita, utaona aliyeanza vizuri akaishia njiani, na utaona aliyeelewa fizikia yote lakini Kiingereza cha swali kikamponyoka, akaeleza pale alipotakiwa kukokotoa.

Taarifa hizo zina namna yake ya kusomwa. Kwanza chukua karatasi ya mtihani wa mwaka husika, ufanye maswali ya mada uliyokwisha kuisoma, kwa saa, vitabu vikiwa vimefungwa. Ndipo ufungue taarifa ulinganishe. Kila kosa liandike katika daftari moja dogo pamoja na chanzo chake: hukuijua mada, hukulisoma swali vizuri, ulikosea hesabu, au ulisahau vizio. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litakuambia kitabu gani ukifungue na sura gani, na ushauri wa mwenzako kuhusu kitabu kipya hautakuyumbisha tena. Mitihani iliyopita usiiweke akiba hadi Aprili ya Kidato cha Sita, kama wengi wanavyofanya. Bakiza miaka miwili au mitatu ya karibuni kwa ajili ya mazoezi ya mwisho, na iliyobaki itumie kuanzia sasa, mada kwa mada.

Kwa kuwa umetaja uhandisi wa ujenzi, soma pia kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hukitoa kila mwaka, uone sifa za kozi yako. Katika hesabu ya udahili A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na kwa uhandisi masomo yanayotazamwa kwanza ni Hisabati ya Juu na Fizikia. Kima cha chini kinachoandikwa humo ni cha kukuruhusu kuomba tu. Nafasi hugawiwa kwa ushindani. Kwa hiyo kitabu kikuu cha Hisabati ndicho unachopaswa kukichagua kwa uangalifu mkubwa kuliko vyote, na ndicho cha kukifungua kila siku.

Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mkulima wa tumbaku huku Urambo. Binti yangu amechaguliwa kwenda Kidato cha Tano, PCM, anaripoti Julai, na anasema anataka kuwa mhandisi wa umeme. Muuza vitabu mmoja ameniandikia orodha ndefu, akaniambia kwamba bila vitabu hivyo vyote mtoto hatafaulu. Tena kuna tuisheni ninashawishiwa kumlipia wakati wa likizo. Mimi sikusoma sayansi na fedha niliyo nayo ni ya msimu mmoja. Niitumieje? – Mzazi, Urambo

Ndugu yangu, nakupongeza kwa kumwandaa binti yako kwa uhandisi, na nakuomba usiilipe orodha hiyo. Hakuna mwanafunzi anayemaliza vitabu vyote hivyo, na maneno ya kwamba bila hivyo hatafaulu ni maneno ya mtu anayeuza.

Gawa fedha yako katika mafungu mawili, na fungu la pili usiliguse hadi matokeo ya muhula wa kwanza yatoke. Kabla hajaripoti mnunulie vitu ambavyo kila mwanafunzi wa tahasusi hiyo lazima awe navyo mkononi: kikokotoo cha kisayansi kisichopangiwa programu, maana chenye programu hakiruhusiwi kwenye chumba cha mtihani, seti ya vifaa vya jiometria, karatasi za grafu, na madaftari makubwa ya kutosha. Kikokotoo kinunue kwenye duka linalokupa risiti, ukijaribu hapohapo dukani pamoja na binti yako, kwa sababu vya kuiga ni vingi na baadhi vibonyezo vyake hufa mapema. Mhimize akizoee hichohicho hadi siku ya mtihani.

Katika vitabu, anza na kimoja tu cha Hisabati ya Juu, kilicho chake mwenyewe. Hisabati hufanywa kila siku kwa kalamu, na kitabu cha kuazimana na wenzake watano hakiwezi kumhudumia usiku anaokihitaji. Fizikia na Kemia zinaweza kungoja. Shule nyingi za serikali zina vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, na binti akifika ataona vipo vingapi na vinagawiwa vipi. Taasisi hiyo pia ina maktaba mtandao ambako vitabu vyake vya kiada husomwa bila malipo, hivyo hata wewe ukiwa Urambo waweza kumwomba kijana mwenye simu janja akuonyeshe kitabu cha Fizikia kabla ya kutoa fedha. Akiwa masomoni Tabora mjini au akipita huko, aulizie pia Maktaba ya Mkoa. Ada ya uanachama wa maktaba haiwezi kulinganishwa na bei ya vitabu vya sayansi.

Utashauriwa kudurufu kitabu kizima steshenari ili kupunguza gharama. Mbali na kwamba ni kumnyima mwandishi haki yake, nimeona nakala nyingi ambazo michoro ya saketi imefifia, kurasa za majibu zimeachwa, na alama ya kipeo imepotea kiasi cha kugeuza maana ya hesabu nzima. Mtoto hupoteza jioni akitafuta kosa lake mwenyewe, kumbe kosa liko kwenye karatasi. Afadhali kitabu halisi kilichotumika, kutoka kwa mwanafunzi aliyemaliza, mradi binti yako amekilinganisha na muhtasari wake.

Fungu la pili ulitumie baada ya matokeo ya kwanza, tena kwa kumuuliza mwalimu wake wa somo, kwa simu au kwa kumfuata shuleni, ni somo gani hasa linamsumbua na kwa nini. Hapo ndipo utajua kama anahitaji kitabu cha mazoezi ya Fizikia au kama anahitaji mtu.

Kuhusu tuisheni, muulize anayekushawishi swali moja: je, anasahihisha daftari la kila mwanafunzi na kulirudisha? Kama jibu ni ndiyo, na darasa lake ni dogo, na binti mwenyewe ameonyesha mada inayomshinda, fedha yako haitapotea. Kama ni ukumbi uliojaa vijana wanaonakili ubaoni, hayo ataweza kuyapata kitabuni akiwa nyumbani.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza. Likizo ya Desemba inaangukia wakati wa kupandikiza tumbaku, na najua mikono ya binti inahitajika shambani. Hisabati ya Juu isiyoguswa kwa mwezi mzima hurudi nyuma sana. Ukimwachia saa za asubuhi, kabla jua halijawa kali, akakaa na kitabu kimoja na daftari lake, utakuwa umempa kitu ambacho hakimo katika orodha ya muuza vitabu, nacho ndicho atakachokihitaji kuliko vyote vilivyomo.

Mwalimu, shikamoo. Niko Kidato cha Sita, nyumbani ni Nzega. Binamu yangu amenitumia mafaili mengi ya maandalizi ya mtihani wa India wa kuingia vyuo vya uhandisi, JEE, pamoja na video. Anasema ukiyaweza hayo, mtihani wetu utakuwa mwepesi. Je, ni kweli? – Mwanafunzi, Nzega

Marahaba. Ni kweli kwa sehemu, na sehemu isiyo kweli inaweza kukugharimu.

JEE ina ngazi mbili. Ya kwanza, JEE Main, husimamiwa na wakala wa taifa wa mitihani wa India. Wanaofanya vizuri humo ndio wanaoruhusiwa kwenda ngazi ya pili, JEE Advanced, inayochuja wanaoingia vyuo vya IIT, yaani taasisi za teknolojia za India. JEE Main hufanyika kwa kompyuta: maswali 75 kwa saa tatu, mengi yakiwa ya kuchagua jibu, ambapo jibu sahihi hupewa alama 4 na la makosa hukatwa alama 1, na kikokotoo hakiruhusiwi. Maana yake ni kwamba mtahiniwa ana chini ya dakika mbili na nusu kwa swali, na hakuna anayesoma njia aliyoipita. Ndiyo sababu mafaili hayo yamejaa njia za mkato: kuondoa majibu yasiyowezekana, kujaribu namba rahisi, kukadiria.

Mtihani wako hauko hivyo. Kwenye Hisabati na Fizikia zetu msahihishaji anasoma kila mstari, na alama hugawiwa kwa hatua. Anayeandika jibu peke yake, hata likiwa sahihi, hupoteza alama ambazo mwenzake aliyekosea mwishoni amezipata kwa kuonyesha njia. Tena kikokotoo unacho, na usipokitumia kwa ustadi unapoteza muda. Mwanafunzi aliyezama kwenye njia za mkato kwa miezi kadhaa huanza kuona uvivu wa kuandika uthibitisho mzima, na tabia hiyo haitoki kwa wiki mbili.

Kwa hiyo yatumie kwa namna hii. Ukishamaliza mada kwa kitabu chako na kwa mitihani yetu iliyopita, chagua maswali mawili au matatu ya JEE ya mada hiyo, hasa mekanika, umeme tuli na sumaku-umeme, ambako Wahindi wana maswali yanayounganisha dhana mbili au tatu kwa pamoja. Yafunike majibu manne ya kuchagua, ulifanye swali kwa urefu kama la Baraza, kila hatua na vizio vyake. Likikushinda baada ya nusu saa ya juhudi, soma suluhisho. Kwa njia hiyo swali la JEE litakunoa. Video nyingi ziko kwa Kihindi, na hizo zitakumalizia bando bure. Kama unataka kitu cha India cha kusoma kwa utulivu, vitabu vya kiada vya NCERT, taasisi ya taifa ya India inayotoa vitabu vya shule, vya darasa la 11 na la 12, ambavyo ndivyo msingi wa mtihani huo, vinapatikana bila malipo kwenye tovuti ya taasisi hiyo, na sura zake za Kemia zimeandikwa kwa lugha nyepesi.

Ikifika Machi, weka mafaili hayo yote kando. Miezi miwili ya mwisho ni ya mitihani yetu, kwa saa yetu.

Mwalimu, mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, niko Kaliua, mchana ninauza duka. Nadharia ninajisomea, lakini maabara sina. Nifanyeje na vitendo? – Msomaji, Kaliua

Ndugu, karatasi ya vitendo ndiyo inayowaangusha wengi walio kwenye hali yako, kwa hiyo umeuliza mapema jambo la maana.

Sehemu ya vitendo vya Fizikia waweza kuifanya chumbani. Kwa pendulo unahitaji uzi, jiwe dogo au nati, rula na saa ya simu. Badili urefu wa uzi mara sita, kutoka sentimita 25 hadi mita 1, na kwa kila urefu pima muda wa mizunguko 20. Kwa mita 1 utapata sekunde 40 hivi, kwa sentimita 25 sekunde 20 hivi. Gawa kwa 20 upate kipindi, kipeleke kwenye kipeo cha pili, uchore grafu dhidi ya urefu kwa mita. Mteremko wake ni 4π² iliyogawanywa kwa g, na ukikaribia 4.03 umefanya kazi safi. Zoezi hilo linakufundisha jedwali, vizio kwenye mihimili, uchaguzi wa skeli, mstari unaopita katikati ya nukta na usomaji wa mteremko, mambo ambayo yanarudi kwenye karibu kila swali la vitendo. Kwa saketi na mwanga, pakua majaribio ya PhET, ambayo huigizwa kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ni ya bure, na ukishayapakua mengi hufanya kazi bila intaneti, hata usiku baada ya kufunga duka.

Kemia usiijaribu nyumbani. Asidi na besi za titresheni zinahitaji maabara, miwani ya kinga na mtu anayejua, na hakuna video inayoweza kuufundisha mkono wako kufunga bomba la bureti kwenye tone lilelile linalogeuza rangi. Unapojisajili, zungumza na mkuu wa kituo chako cha mtihani kuhusu siku za kutumia maabara ya shule, uulize gharama ya kemikali, na utafute watahiniwa wenzako wawili au watatu wa kuchangia. Shule huwa na nafasi zaidi Jumamosi na mwanzoni mwa muhula. Kuanzia Aprili maabara hushikwa na wanafunzi wao wenyewe, na atakayeomba wakati huo atakosa.